Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe: kiangazi kimoja nimekaa nayo, cha pili ndo kinaanza

Wafugaji wenzangu habari za majukumu. Nilijiwekea kwamba sitaandika chochote kuhusu hii mashine mpaka itimize mwaka, maana kitu kikiwa kipya kila mtu anakisifia, kiache kikae uone. Sasa mwaka umeshapita na wiki kadhaa juu yake, Juni imeingia, masika yamekata, na simu zimeanza za ndugu na majirani, "dada ile mashine yenu vipi, na mimi ninunue?" Nimeona niandike mara moja kila mtu asome, uzuri wake na ubaya wake, kwa sababu hela ya mfugaji haiokotwi.

Sisi tuko Machame, mlimani Kilimanjaro. Tuna ng'ombe watatu wa kukamua, mtamba mmoja na ndama wawili, chotara wa Friesian wote isipokuwa mmoja mwenye damu ya Ayrshire, huyo mama anamwita Faraja na ndo kipenzi chake. Wote wanakula bandani, huku juu hakuna pa kuchungia, kihamba, yaani shamba la kuzunguka nyumba, ni migomba na kahawa halafu unakutana na ukuta wa jirani. Yaani kila kinachoingia kwenye mdomo wa ng'ombe kimebebwa na mtu, kama sio kichwani basi kimelipiwa gari.

Watu wa mbali wakisikia kiangazi wanawaza jua kali. Kwetu mlimani kiangazi kinaanza na baridi, mwezi wa sita na wa saba wingu linakaa mpaka saa tano za asubuhi, kilele cha Kibo hukioni, ng'ombe wanatoa mvuke puani na ukikaa kukamua saa kumi na moja alfajiri vidole vinakakamaa mpaka uvichovye kwenye yale maji ya moto ya kuoshea kiwele. Ndama wanaanza kukohoa, inabidi uwazibie upande wa upepo na magunia na uwatandikie majani makavu ya migomba. Mvua hamna ila ardhi bado ina unyevu, majani ya mabingobingo na gwatemala ya kwenye matuta bado ya kijani, maziwa yako vizuri, watoto wamefunga shule wapo nyumbani wanasaidia, na hapo ndo watu wengi tunapojisahau, tunaona majani yapo. Mwezi wa nane ukifika unazunguka kihamba kizima unarudi na kikapu nusu, unaanza kuangusha migomba uwape ng'ombe, na mgomba ni maji matupu, tumbo linajaa lakini maziwa hayaji.

Kwa hiyo akili ya kiangazi inatakiwa ianze sasa hivi, majani yakiwa bado yapo. Huku chini tambarare kwenye mashamba ya mahindi watu wanang'oa maharage wakati huu, yale majani na maganda yake ukiyawahi yakiwa makavu hayajanyeshewa ni chakula kizuri sana. Halafu mahindi yakishavunwa mwezi wa saba kwenda wa nane ndo msimu wa mabua, hapo barabara ya kupanda huku inajaa Canter na kirikuu zimebeba mabua mpaka zinainama upande, na aliyechelewa ananunua kwa bei ya kuumia. Kila familia ya huku inayajua haya, mama yangu anayafanya tangu mimi sijazaliwa.

Tatizo sio kuyapata, ni kuyakata. Mpe ng'ombe bua zima, atachagua majani ya juu na yale maganda ya hindi, bua lenyewe atalivuta, atalitupa chini, atalikanyaga, atalikojolea, kesho asubuhi unafagia chakula ulichokilipia nauli. Mama alikuwa anakata kwa panga juu ya gogo, kila jioni saa nzima na nusu, ameinama, na umri wake ni miaka 63. Kiangazi cha mwaka juzi bega la kulia likawa halinyanyuki kabisa, akawa anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Hajawahi kulalamika, mimi ndo nilimuona. Hapo ndo nikaamua hii mashine inunuliwe hata kama ni kwa mkopo wa kikundi.

Tulinunua mjini Moshi, duka silitaji. Ni ile ndogo ya kichina iliyozagaa madukani, mota ya kilowati 3 ya umeme wa kawaida wa nyumbani, mdomo wa pembeni wa kukatia majani na mdomo wa juu wa kusagia nafaka, na inakuja na chekeche zake. Laki saba na themanini, na elfu kumi na tano ya kupandishiwa nyumbani. Karatasi yake imeandikwa inakata kilo 400 mpaka 1000 kwa saa. Yule kijana wa dukani aliiwasha, akachukua mabingobingo mabichi yaliyokuwa yamewekwa pale pembeni, akayapitisha, yakamwagika upande wa pili kama mboga ya kuchemsha, akaniambia "dada yangu hii inakata mpaka mti, na maziwa yanapanda mara mbili." Nikatoa hela.

Naomba hapa mnisome taratibu. Usikubali kujaribiwa mashine kwa majani mabichi. Majani mabichi kila mashine inakata, hata panga butu linakata. Nenda na mzigo wako mwenyewe wa mabua makavu, yale magumu ya chini kabisa karibu na mizizi, ufunge kwenye gunia uende nalo dukani, na kama hawataki kulijaribu hapo mbele yako, ondoka. Mimi ningefanya hivyo ningeona palepale kwamba visu vyake vilikuja havijanolewa na nafasi kati ya kisu na bamba la chini ni kubwa mno, bua kavu linajikunja linaingia katikati badala ya kukatika, linajizungusha, mashine inakaba, mota inalia mmm mmm haizunguki. Wiki ya kwanza ya mabua ilikaba mara saba kwa jioni moja. Fundi wa huku kijijini alikuja akavua visu akavinoa kwa mkono, akasogeza nati zile za nyuma mpaka nafasi ikabaki ndogo kama unene wa kadi ya simu, na toka siku hiyo mashine ikawa nyingine kabisa. Yaani mashine ni nzuri ila inauzwa haijamaliziwa, bora nikwambie hivyo.

Jambo la pili ni umeme. Banda letu liko mbali kidogo na nyumba, kama mita 30, na aliyetuvutia waya alitumia mwembamba wa milimita za mraba 2.5. Ukiushika mashine ikiwa inafanya kazi unasikia una joto. Umeme ukifika kule mwisho umeshachoka, mota inashindwa kuanza, inanguruma, na mota ikinguruma bila kuzunguka hata sekunde kumi unasikia harufu ya kuungua. Wiki ya tatu kapasita, kile kidude kinachosaidia mota kuanza, ikapasuka, pa, moshi. Nilirudi dukani na karatasi yangu ya garantii ya miezi sita wakaniambia kapasita haimo kwenye garantii, nikaonyesha pameandikwa mota, wakasema kapasita sio mota. Iliniuma sana, sio kwa sababu ya elfu kumi na nane niliyonunulia nyingine, ila nilivyoongeleshwa, kama vile mtu wa shamba hajui kusoma. Tulibadilisha waya tukaweka wa 4, mpaka leo haijaungua tena. Kama banda lako liko mbali piga hesabu ya waya mnene kabla hujanunua mashine, maana waya wenyewe ni hela.

Na Luku, umeme wa kulipia kabla, je? Ng'ombe watatu na mtamba, mabua na majani ya jioni na ya asubuhi, tunaiwasha kama nusu saa kwa siku. Kilowati 3 kwa nusu saa ni yuniti moja na nusu, kwa mwezi inakuja yuniti 45. Sasa ninyi mlio kwenye ile bei ya matumizi madogo ya yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi muwe makini, ukichanganya na taa, runinga na pasi unavuka, na ukivuka unahamishiwa bei nyingine ambayo ni karibu mara tatu. Sisi tulivuka. Ukijumlisha yote bado naona inalipa, nitasema kwa nini, ila mtu asikwambie ni bure.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndo hasa limenifanya niandike.

Mashine ilikuja haina kinga ya mkanda. Mkanda uko wazi, puli iko wazi, inazunguka pale pembeni kwenye usawa wa kiuno cha mtu. Nilipouliza dukani walisema kinga inauzwa peke yake na kwa wakati ule imeisha. Tukaitumia hivyohivyo mwezi mzima, tukaizoea. Siku hiyo ilikuwa jioni, ukungu, mama amejifunga mtandio shingoni kwa ajili ya baridi, ncha moja inaning'inia. Mdogo wangu analisha mabua, mimi niko kwenye hori naweka chumvi. Mama akainama kuokota bua lililoanguka chini ya mota. Sikuona ulivyoingia, nilichosikia ni sauti ya mashine kubadilika, ikawa nzito, nikageuka nikamuona mama kichwa kimevutwa upande, ameshika mtandio kwa mikono yote miwili karibu na shingo anavutana nao. Mdogo wangu hakwenda kwenye swichi, Mungu ambariki, aliruka akavuta waya mzima ukachomoka ukutani. Mtandio ulichanika. Mama alibaki na mstari mwekundu shingoni mpaka sikio la kushoto, ulikaa wiki mbili. Alikaa chini kwenye majani, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama Faraja ameshakamuliwa.

Usiku ule sikulala. Kesho yake asubuhi kabla ya maziwa kupelekwa kituoni nilimfuata fundi wa kuchomelea, akakata bati la pipa, akatengeneza kifuniko cha mkanda na puli zote mbili, elfu ishirini na tano tu. Elfu ishirini na tano! Akaongeza na bati kwenye mdomo wa kulishia, urefu wa mkono mzima, ili hata ukisukuma mabua vipi vidole havifiki kwenye visu. Tuna na kijiti cha kusukumia, kinaning'inia hapohapo kwa kamba. Swichi tumeihamishia mbele, anayelisha anaifikia bila kugeuka. Na hakuna mtu anasogelea mashine na mtandio, kanga ya mgongoni, sweta la mikono mipana au nywele zilizoachiwa, na watoto hawaingii kabisa ikiwa inawaka. Kama huna hiyo elfu ishirini na tano ya kinga, basi na hiyo laki saba na themanini usiitoe kwanza, subiri. Nawaomba sana.

Turudi kwa ng'ombe. Je maziwa yanapanda mara mbili? Hapana, huo ni uongo. Bua kavu hata ulikate vipi ni bua kavu, protini yake ni ndogo sana, mashine haiongezi kitu ambacho hakimo. Mashine inachofanya ni kwamba kinaliwa kile ulichokinunua. Nilipima kwa wiki mbili kwa ile mizani ya kupimia kahawa: mabua mazima kilo 30 kwa jioni, asubuhi nilikuwa nazoa kilo 11, siku nyingine 12, ambazo hazijaliwa. Yaliyokatwa kilo 30, nazoa kilo 4. Ukipiga hesabu ya gari moja la Canter unaona mwenyewe, zaidi ya theluthi ya mzigo ilikuwa inageuka samadi bila kupita tumboni. Ndo maana nasema inalipa hata na Luku yake.

Juu ya hayo mabua lazima uweke kitu chenye nguvu. Sisi tunachanganya na majani ya maharage, majani ya mti wa lusina yaliyokauka kivulini, mashudu ya alizeti na pumba, na tunanyunyizia molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC iliyozimuliwa na maji, hapo hata Faraja mwenye kuchagua anakula mpaka analamba hori. Kiangazi cha mwaka juzi bila mashine alishuka kutoka lita 9 mpaka 5 kufikia Septemba. Mwaka jana alishuka mpaka 7 akasimama hapo. Sio mashine peke yake, na hayo majani ya maharage tuliyawahi mapema, lakini bila kukata yasingechanganyika, angechambua angeacha.

Na usikate kuwa unga. Hili tuliliharibu wenyewe mwanzoni, tuliweka ile chekeche ndogo tukaona inatoka laini kama pumba, tukafurahi. Siku ya nne ng'ombe wamelala chini hawacheui. Ng'ombe asipocheua jua kuna shida, ile kucheua ndo inaleta mate na mate ndo yanatuliza tumbo, chakula kikiwa laini mno anameza tu. Hata maziwa tukichemsha utando wa juu ukawa mwembamba, mafuta yamepungua. Bwana mifugo alitwambia tutoe chekeche kabisa, vipande vitoke urefu wa pingili moja au mbili za kidole, sentimita 3 mpaka 5. Jioni ya siku ya pili ukaingia bandani unasikia ile sauti ya taya, wote watatu, na hiyo kwa mfugaji ni sauti nzuri kuliko redio.

Angalia pia waya. Mabua ya kwenye magari mengine yanafungwa na waya za matairi, kipande kikipita kwenye mashine kinakatwa vipande vipande kama sindano, ng'ombe anameza, kinatoboa tumbo la pili na moyo uko mbele yake pale pale. Sisi tunafungua kila mzigo kwa mkono na tumefunga sumaku ya spika mbovu pale yanapomwagikia, mpaka sasa imeshika misumari mitatu. Na bua lenye ukungu mweusi au mweupe lisikatwe, lichomwe, usiseme ng'ombe hatajua.

Vumbi ni kubwa. Mdogo wangu alikohoa mwezi mzima mpaka tulipoanza kunyunyiza maji kidogo nusu saa kabla ya kukata na kufunga kitambaa puani. Halafu chakula kikavu kinataka maji mengi, ng'ombe wa lita 9 alikuwa anamaliza ndoo tatu sasa anataka nne na zaidi, na kiangazi maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa mlimani, yanakuja kwa zamu, kwa hiyo kabla ya mabua kufika hakikisha una pipa la ziada. Kelele nazo zipo, mtamba wetu alikuwa anaruka wiki nzima ya kwanza, tukaihamishia nyuma ya ukuta wa samadi akatulia.

Majirani wawili tunawakatia, wanaleta mabua yao na hela ya Luku, mama mmoja mjane analeta kikapu cha parachichi basi tunamkatia. Kama mko wachache mna ng'ombe mmoja mmoja, msinunue kila mtu yake, nunueni moja watu wanne. Huku kina mama wa kijiji cha Nronga wameendesha ushirika wao wa maziwa tangu 1988, mashine moja ya kukatia majani haiwezi kutushinda.

Nikiulizwa nyota ngapi kati ya tano, mashine nne, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya visu na mkanda wazi. Duka sitarudi. Bega la mama sasa linanyanyuka, anachana nywele kwa mkono wa kulia, na ile saa na nusu ya jioni anakaa jikoni na wajukuu.

Jumamosi fundi anakuja kunoa visu na kubadilisha bering moja iliyoanza kulia. Gari la kwanza la majani ya maharage linapanda Jumatatu, na bado sijapata turubai la kufunikia.